Mteremko wa Kinuni

Familia ilikaa kikao, ikanywa chai, ikakubaliana: baiskeli ya marehemu itachukuliwa na mdogo wake, Jumapili ya wiki inayofuata. Hakuna aliyepinga. Huyo mdogo mtu alikuwa mpaka rangi, leo mtaa huu kesho mtaa ule, ndoo mkono mmoja na ngazi begani, na baiskeli ingempumzisha miguu. Mjane naye aliitikia kwa kichwa. Angesema nini? Baiskeli hajui kuipanda. Kwa miezi mitatu ilikuwa imeegemea ukuta wa ukumbini, pale pale mumewe alipoiegemeza usiku ule, akasema kifua kinambana, akaenda kulala na asiamke.

Mjane huyo walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa wembamba wake, wengine ni kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, na waliosema ni kwa ajili ya ulimi wake nao hawakukosea sana. Lakini siku ya kikao ulimi ulilala. Kilichomkaa moyoni hakikuwa baiskeli. Kilikuwa kicheko.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Mchana ukimsalimia, alikujibu kama mtu anayeng'olewa jino. Mama yake mzazi, waliyekuwa wakiishi naye, alizoea kusema kwamba mwanawe huyu alizaliwa mzee. Lakini alifanya kazi kwenye kinu cha unga, zamu ya usiku, na saa nane alipofungua mlango aliingia akicheka. Si kutabasamu, kucheka kabisa, peke yake, mweupe kwa unga toka nyusi hadi viatu, machozi ya upepo yamemchora mistari miwili mashavuni.

“Una nini wewe?” Sindano alikuwa akimuuliza, shuka kichwani.

“Mteremko.”

“Mteremko ndio unachekesha?”

“Ule wa kinuni. Hauhadithiki, mke wangu. Mpaka uushuke mwenyewe. Ipo siku nitakupakia.”

Siku hiyo haikufika. Usiku alikuwa kazini, mchana alikuwa kitandani, na miaka kumi na tisa ikapita katikati yao kama mtu anayewahi mahali. Sasa kicheko kimezikwa bila maelezo, na baiskeli, shahidi wake pekee, imebakiza siku kumi na moja nyumbani. Sindano akaamua. Kabla ya Jumapili ile ataushuka mteremko wa kinuni, ajue kulikuwa na nini cha kuchekesha.

Mchana haikuwezekana. Mtaa ule ulikuwa na macho mengi kuliko madirisha. Mjane wa miezi mitatu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, aanze kuanguka anguka na baiskeli ya marehemu? Wangesema uchungu umempanda kichwani. Ilibaki usiku. Na usiku ulikuwa na mlinzi mmoja tu, naye ni mama mkwe, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa na mkoromo wa kutegemewa. Ulianza polepole, kama mtu anayeburuta kiti, kisha ukapanda mpaka vikombe vikanong'onezana kabatini. Ukifika hapo, nyumba nzima ilikuwa na ruhusa.

Sindano alitia mafuta ya cherehani kwenye bawaba za mlango, akatia na kwenye mnyororo wa baiskeli. Alivaa suruali ya mumewe, aliyoikata miguu na kuipinda mwenyewe, akaisukuma baiskeli mpaka kwenye uchochoro nyuma ya karakana ya seremala. Alipachagua kwa akili: ardhi yake ilijaa maranda, na mtu akianguka anaangukia laini.

Akaanguka laini mara saba usiku wa kwanza. Usiku wa pili akaacha kuhesabu. Asubuhi alifika kazini, karakana ya ushonaji, na maranda kwenye nywele, na mwenzake wa cherehani ya jirani, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akamchambua nywele mbele ya watu.

“Jamani, Sindano! Umelala na seremala?”

“Na benchi lake.”

Karakana nzima iliangua kicheko, na kwa kuwa alikuwa amesema ukweli nusu, hakuna aliyeuliza nusu iliyobaki.

Usiku wa tano, baiskeli ilikubali. Hakujua alichofanya tofauti. Alikanyaga, akayumba, akakanyaga tena akingoja maranda, na maranda hayakuja. Uchochoro ukaisha. Akajikuta barabara ya pili, amekaa juu, anakwenda! Nyumba zimefumba macho, maduka yamefumba macho, na yeye peke yake katikati ya mji mzima, mwenye barabara. Mchana barabara ile ilimfinya pembeni kama uzi usiotakiwa; sasa alikwenda kulia akitaka, akaenda kushoto akitaka, akachora nyoka toka ukuta hadi ukuta kwa sababu tu hakuna wa kumkataza. Hewa ilikuwa baridi na safi. Alisikia vitu ambavyo hajawahi kuvisikia: bomba linalodondosha maji uani mwa watu, mtoto anayekohoa ghorofani, tairi zake mwenyewe zikilamba lami.

“Nani huyo?” mlinzi wa ghala akafoka gizani.

“Upepo!” Sindano akajibu, na alikwisha kupita.

Kasoro ilikuwa moja. Alikuwa amejifunza kwenda, hajajifunza kusimama. Breki alizijua kwa jina, lakini akizigusa mikono ilisahau usukani, kwa hiyo alisimama kwa kuegemea ukuta wowote aliouona una huruma. Na kasoro hiyo ndiyo iliyomwokoa usiku wa saba. Wanaume wawili walitoka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mmoja akasimama katikati ya barabara na kunyosha mikono.

“Dada, hebu simama kidogo.”

“Siwezi!” Sindano alipiga kelele, na ilikuwa kweli tupu.

“Simama tuongee!”

“Nawaambia siwezi! Ondokeni!”

Alimjia yule mtu moja kwa moja, miguu inakanyaga, kengele inalia, mdomo wazi. Mtu akaruka pembeni, akajikwaa kwenye ngazi za kibaraza, na matusi yake yakabaki nyuma, yakipungua, yakipungua. Sindano hakucheka mpaka alipopinda kona ya tatu. Hapo akaegemea ukuta, akakaa nao kwa muda mrefu. Angejua kusimama, angesimama. Alizaliwa kwa watu wenye adabu, ukiitwa unaitika. Alirudi nyumbani kwa njia nyingine, akaapa hatatoka tena. Kesho yake usiku alitoka, ila njia ile ya kibarazani hakuipita tena.

Ikabaki Jumamosi moja. Mteremko wa kinuni ulikuwa kwenye barabara kuu, na barabara kuu si uchochoro: kuna malori. Taa ya baiskeli ilikuwa na kioo kilichopasuka na waya uliokatika. Lakini Sindano hakuwa na wasiwasi, maana karakana yao ilishona vizibao vya wafanyakazi wa barabarani, vile vya rangi ya chungwa vyenye utepe wa fedha ambao taa ya gari ikiupiga unawaka kama moto. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewafanya watu wengine waonekane. Saa ya chakula cha mchana akaunganisha vipande vya utepe vilivyotupwa, akajishonea kizibao chake mwenyewe, tepe tatu mgongoni na mbili kifuani.

“Unakwenda kuchimba barabara?” Redio akauliza.

“Nakwenda kuishuka.”

Alipomaliza alikigeuza ndani nje, akakikunja. Ndivyo walivyofundishwa wote pale: kizibao kikiisha kigeuze kwanza, utepe ulale ndani usikwaruzike. Ukikunja bila kugeuza, msimamizi anakurushia usoni. Mikono yake ilikwisha kufanya hivyo mara elfu nyingi, na haikuhitaji tena ruhusa ya kichwa.

Jumamosi usiku vikombe vilipoanza kunong'onezana, alivaa gizani. Angewasha taa, mwanga ungepenya chini ya mlango wa mama mkwe. Vidole vyake kwa kawaida vilijua mshono kwa kugusa tu, lakini usiku huo vilikuwa na haraka ya furaha, na furaha haioni mishono. Akachukua na tochi ndogo ya kushika kwa meno, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Kupanda kwenda kinuni alisukuma zaidi ya kukanyaga. Juu kabisa kinu kilikuwa kinanguruma, madirisha yake ya manjano, harufu ya unga wa moto imejaa hewani. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya shingo ya mumewe. Alisimama hapo kidogo. Kisha akapanda juu ya tandiko, akauma tochi, akaachia ukuta.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Baiskeli ilijikokota kama inayofikiria. Halafu barabara ikainamisha kichwa, mnyororo ukaanza kuimba wenyewe, miguu haina kazi, na nguzo za umeme zikaanza kupita, moja, moja, mbili mbili, zikawa uzio. Upepo ulimwingia kwenye mikono ya shati ukamjaza kama mto. Tumbo lake lilibaki kileleni, kisha likaja nyuma yake mbio likiita ningoje. Macho yakatoa machozi yasiyo ya msiba. Akajiona hana uzito, hana miaka, hana Jumapili. Na hapo kikaja. Hakukiita. Kilianza kwenye nyayo, kikapanda magotini, kikapita kifuani kikitekenya kila ubavu, na kilipofika mdomoni hakikuomba njia. Sindano alicheka, akacheka kwa sauti ambayo hakujua anayo, na kwa kuwa huwezi kucheka na kuuma kwa wakati mmoja, tochi ikaanguka.

Giza tupu. Aliendelea kucheka. Hata bila tochi, aliwaza, mimi ninawaka.

Kisha akaona kivuli chake mwenyewe kimeruka mbele yake, kirefu kama nguzo. Honi ikapasua usiku. Breki zikalia nyuma ya kisogo chake, akavuta usukani bila kujua anauvuta wapi, gurudumu la mbele likapiga kitu, na Sindano akaruka. Aliruka kwa muda wa kutosha kufikiria maranda. Lilikuwa rundo la mchanga wa kutengenezea barabara.

Lori lilisimama limekaa upande. Mlango ukafunguka.

“Ni mtu au ni kitu?” sauti ikauliza.

“Mtu,” Sindano akajibu, mdomo umejaa mchanga. “Fundi cherehani.”

“Fundi cherehani!” Dereva akashika kichwa. Alikuwa mtu mzima, mnene, mweupe kwa unga. “Saa saba usiku, bila taa, katikati ya barabara! Umeumia?”

“Kiwiko tu. Na wewe unaendeshaje, hata huoni? Nimevaa utepe. Ungeniona toka kinuni!”

“Utepe gani, mama?”

“Huu!”

Sindano alisimama kwenye mwanga wa taa za lori, akavuta kizibao amwonyeshe. Kitambaa butu. Mishono yote nje, ncha za nyuzi zinaning'inia, na utepe wote, tepe tatu mgongoni na mbili kifuani, umelala vizuri ndani, haujakwaruzika hata kidogo. Alikitazama. Alikuwa ameruka hewani mbele ya lori, na bado aibu iliyomchoma ilikuwa ya mshono: miaka kumi na minne ya cherehani, halafu avae nguo ndani nje kama mtoto wa chekechea!

Akaanza kucheka tena. Dereva hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya lori, mikono imemlegea mapajani.

“Ningekuua,” akasema polepole. “Unajua hilo? Wewe ungekufa, ukamaliza. Mimi ningekaa na wewe kichwani mpaka kaburini.”

Kicheko cha Sindano kikakatika. Alimtazama mtu yule, akaona anavyotetemeka, na kwa mara ya kwanza usiku ule akasikia baridi.

“Nisamehe, kaka.”

“Halafu kingine.” Dereva alifuta uso, unga ukahama toka mkononi hadi kwenye paji. “Nilidhani ni yule jamaa. Kulikuwa na mwenzetu kinuni, ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona anateremka hapa namna hiyo. Alifariki miezi mitatu iliyopita. Nilipokuona nikasema, leo nimemwona kwa macho yangu, amerudi.”

Sindano alikaa chini kwenye mchanga.

“Yule mkimya?”

“Mkimya? Kinuni, ndiyo, mkimya kama gunia. Lakini akifika hapa!” Dereva akainua mikono juu. “Hivi! Mikono yote miwili! Ameachia usukani, anapiga kelele kama mtoto, na akinipita ananipungia.”

“Mume wangu?” Sindano akasema. “Mume wangu alikuwa akikagua komeo la mlango mara tatu kabla ya kulala.”

Wakatazamana, mjane na dereva, na sasa wakacheka wote wawili, maana hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, halizunguki bila kusugua. Dereva alitaka kumpakia, lakini Sindano alikuwa amejifunza jambo kuhusu kusimama ukiitwa na mtu usiyemjua, hata akiwa mwema. “Wewe nimulikie tu,” akamwambia. Basi wakashuka hivyo: mbele mjane anasukuma baiskeli iliyochechemea, nyuma lori zima la unga linatambaa kwa mwendo wa konokono. Alikuwa amekigeuza kizibao. Taa zilipompiga, mgongo wake uliwaka mpaka ukutani mwa nyumba za watu.

“Sasa unaniumiza macho!” dereva akapiga kelele dirishani.

“Ndiyo kazi yake!”

Jumapili, saa nne asubuhi, shemeji aliingia akipiga mluzi. Akaiona baiskeli, mluzi ukafa.

“Shem. Gurudumu limekuwa namba nane. Hii baiskeli imegongana na ukuta?”

“Na mchanga.”

“Mchanga umeingia ukumbini?”

“Hapana. Mimi ndiye niliyeufuata.”

Mama mkwe akatokea jikoni na birika mkononi. “Ulimfuata nani?”

Hapakuwa na pa kujificha, kiwiko chenyewe kilikuwa kimefungwa kitambaa. Sindano akasema yote: mafuta kwenye bawaba, maranda, wale wanaume wawili, lori. Alipofika kwenye lori mama mkwe akaweka birika chini.

“Itoke,” akasema. “Itoke leo, sasa hivi, hivyo hivyo ilivyopinda. Mwanangu, nimezika mmoja mwaka huu. Unataka nizike na wewe? Nitabaki na nani, na vikombe?”

Hilo lilikuwa haki. Sindano akasema tu alichokuwa nacho.

“Mama, nilitaka kujua alikuwa anacheka nini.”

“Nani?”

“Mwanao. Kila usiku akirudi alikuwa anaingia anacheka.”

“Mwanangu mimi? Anacheka?”

“Mpaka machozi. Wewe ulikuwa umelala.”

Mama mkwe akakaa kwenye kiti kilicho karibu. Alikaa akitazama mlango, kama vile mtu angeweza kuingia. “Miaka kumi na tisa,” akasema. “Na mimi nimelala.” Kisha akageuka. “Alikuwa anacheka vipi? Hebu.”

Sindano akajaribu. Akamweleza na kileleni, na harufu ya unga, na tumbo linalobaki nyuma. Akamweleza alichokiona dereva.

“Aliachia mkono?”

“Yote miwili, mama. Anapunga.”

“Yote miwili!” Mama mkwe akasimama, akalipiga tandiko la baiskeli kofi la nguvu. “Mjinga yule! Mpumbavu mkubwa! Ningejua ningemchapa, mtu mzima vile vile!” Akalipiga la pili, na katikati ya kofi hilo uso ukamgeuka, akawa anacheka, machozi yanadondoka kwenye tandiko, na mkono wake haujaondoka pale.

“Na mimi alikuwa akinifokea nikivuka barabara bila kutazama!” shemeji akasema, amekasirika kabisa.

Walipotulia, mama mkwe alijifuta kwa upindo wa kanga. “Hii baiskeli mchana ni yako,” akamwambia mwanawe. “Jumamosi usiku iwe hapa.”

“Mama, si tulikubaliana kikaoni?”

“Kikao kilikuwa hakijui.” Akamgeukia Sindano. “Na wewe, taa mbele, taa nyuma. Nguo nitakukagua mimi mlangoni. Na ujifunze kusimama, maana si kila siku mchanga utakungoja. Hukujifunza, huendi. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

Shemeji alipindua baiskeli magurudumu juu, pale pale ukumbini, akafungua nati za mbele huku ananung'unika. Alikuwa amekuja kuchukua baiskeli. Alitoka na gurudumu moja begani kwenda kulinyosha kwa fundi. Alipofika nje akarudisha kichwa mlangoni.

“Mama, na mimi siku moja nikijaribu huo mteremko?”

“Wewe paka rangi!” mama mkwe akamjibu, akafunga mlango.